Kwa Nini Sajini Anasimama

Tseikuru, 9 Juni 2025

Baba mpendwa,

Habari ya huko baridini? Hamud amesimamisha lori mbele ya ofisi, mbuzi wanalia, na kila nikimaliza mstari anapiga honi. Ukiona mwandiko umepinda, mlaumu yeye.

Nina jambo. Tarehe 23 Agosti kutakuwa na maonyesho ya mifugo Tulia. Miaka yote ni mbuzi, ng'ombe, kuku na asali, lakini mwaka huu wameongeza farasi. Nimejiandikisha na Sajini. Unamkumbuka Sajini? Ni yule farasi wa kijivu ambaye Maalim, mfanyabiashara wa mifugo wa hapa, alinipa nilipowatibu ngamia wake wakapona. Pikipiki ya ofisi ilipokufa mchangani mwaka jana, Sajini ndiye akawa pikipiki. Kila siku naenda naye boma kwa boma kuchanja mbuzi za watu.

Sasa kumpanda kwenda kuchanja mbuzi najua. Onyesho silijui. Kuna waamuzi, kuna kamba imezungushwa uwanja, kuna kutembea, kukimbia polepole, kuruka gogo, na kusimama mbele ya meza. Wewe ulikuwa kikosi cha farasi cha polisi miaka kumi na moja. Mikono nishike wapi? Macho nitazame wapi? Kwato napaka nini? Mimi ni kama mtoto kabisa kwa mambo haya, Baba.

Najua simu huisikii tena, na najua Shangazi Kalunde anaitumia kama tochi. Kwa hivyo niandikie. Hamud anakuja huko kuchukua kabichi kila wiki, atapitia kwako.

Binti yako,
Mumbua


Nunguni, 16 Juni 2025

Mwaitu Mumbua, mama yangu,

Barua yako nimeipata. Kwanza nataka kujua ni nani aliyekuruhusu kumpa farasi cheo cha sajini. Mimi babako nilistaafu koplo. Nikija huko nimpigie saluti mnyama?

Haya, sikiliza. Mikono iwe chini, karibu na tumbo lako, kama umebeba kikombe cha chai na hutaki kimwagike. Hatamu si kamba ya kuvutia mbuzi. Ukimvuta mdomo atakuchukia, na atakuwa na haki yake. Visigino chini. Mgongo wima, lakini usikae kama mtu amemeza fimbo. Macho mbele, katikati ya masikio yake. Ukiwa uwanjani usitazame watu hata kidogo. Hata mama yako akifufuka akae pale mbele na kitambaa chake cha kanisa, usimtazame mpaka umalize.

Kwato usipake mafuta ya gari, nimewaona wajinga wakifanya hivyo. Osha, kausha, paka mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa. Mkia chana na vidole, usitumie kitana. Tandiko uliweka blanketi chini? Blanketi likikunjwa hata mara moja mgongo wake utatoka kidonda. Pitisha mkono wako chini yake kila asubuhi, usiwe mvivu.

Anaweza kuruka gogo? La urefu gani? Ananyanyua miguu ya mbele yote pamoja ama anapanda kama punda anayepanda ukingo wa mto? Hukuniambia. Mtu anaomba mashauri halafu anaficha nusu ya mambo! Andika yote.

Nimeandika kurasa mbili na mkono unauma. Niandikie upesi.

Babako,
Musyimi


Nunguni, 16 Juni 2025

Mumbua mwanangu,

Hii nimemsukumia Hamud mfukoni babako akiwa amegeuka, kwa hivyo usiseme popote kwamba nimekuandikia.

Mama, umefanya nini? Unajua ndugu yangu tangu masikio yazimike amekaa kwenye kile kiti nyuma ya nyumba, anaangalia ukuta. Miaka miwili, Mumbua. Kanisani hajarudi tangu ile Jumapili mchungaji aliposema wageni wasimame na yeye akasimama. Mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, kasimama na wageni! Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Alirudi nyumbani, akavua koti, na tangu hapo ni ukuta na yeye.

Basi barua yako ilipofika alisoma mara tatu. Halafu akaingia chumbani akatoa viatu vyake vya polisi, vile vya ngozi, akavipaka rangi. Juzi nilimkuta kwa uwanja amekalia benchi kama amepanda farasi, ameshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili, anajaribu kukumbuka. Nilirudi ndani nikalia jikoni peke yangu.

Najua, na wewe unajua, Maalim alishakufunza kila kitu tangu Februari. Uliniambia mwenyewe ulipokuja Pasaka. Mimi sitasema. Endelea kuuliza maswali tu. Uliza hata ya upuzi.

Shangazi yako,
Kalunde


Tseikuru, 30 Juni 2025

Baba mpendwa,

Asante, asante, asante. Nimefanya kila kitu ulivyosema. Nilikuwa navuta hatamu kweli kama kamba ya mbuzi! Sasa nashika kikombe chako cha chai na Sajini ametulia. Mafuta ya kupikia kwenye kwato yamempendeza mpaka Hibaq, yule mwalimu wa shule ya msingi, binti ya Maalim, aliuliza kama farasi anaenda harusini.

Gogo anaruka. Linafika magotini mwangu. Miguu ya mbele ananyanyua pamoja, ya nyuma inagusa kidogo. Nimfanye nini hiyo ya nyuma? Na siku ya onyesho ale saa ngapi? Na mimi nivae nini, suruali ya kazi ama ile nyeusi ya mazishi?

Kuna kitu kimoja kidogo. Sajini ana tabia ya kusimama. Tunaenda vizuri, halafu anasimama tu katikati ya njia, anatulia kama nguzo. Baada ya muda anaendelea. Kwenye kazi hainisumbui, lakini karatasi ya maonyesho inasema farasi akisimama mara tatu bila amri anatolewa nje. Labda ni uchovu. Utaniambia.

Na wewe unaendeleaje? Miguu inauma bado? Unakula?

Binti yako,
Mumbua


Nunguni, 7 Julai 2025

Mumbua,

Leo Hamud alikunywa chai hapa kwetu akingoja kabichi zipakiwe. Kama unavyojua, watu huniandikia kwenye daftari ndio niwaelewe. Nilimuuliza habari ya farasi wako. Akaandika, na ninanukuu kwa sababu daftari liko mbele yangu: "Mumbua anajua farasi sana mzee, Maalim amemfunza tangu mwezi wa pili, hata gogo anaruka kama askari."

Tangu mwezi wa pili.

Kwa hivyo mikono ulikuwa unajua. Visigino ulikuwa unajua. Blanketi, kwato, vyote. Uliniandikia ili nipate kazi ya kufanya, kama mtoto wa chekechea anayepewa udongo achezee, watu wazima waongee. Na Kalunde nimemuuliza, ameangalia chini, kwa hivyo na yeye alijua.

Mimi nimekuwa kiziwi, sijawa mjinga. Muulize Maalim habari ya kusimama. Muulize na suruali.

Musyimi


Tseikuru, 14 Julai 2025

Baba,

Nimeandika barua hii mara nne na tatu nimechana.

Ndiyo, nilikudanganya. Maalim alinifunza kupanda sawasawa, na amenifunza vizuri. Shangazi usimkasirikie, kosa ni langu. Nilikuja Pasaka nikakukuta kwa kile kiti. Nilikaa karibu na wewe saa mbili na hukunigeukia, na nilipokushika mkono ulinipapasa kama mtu anayeaga. Sikupenda hiyo. Nilirudi Tseikuru nikiwaza nikuletee nini. Mkate huutaki, redio huisikii. Nikakumbuka kitu kimoja unachojua kuliko watu wote wa familia yetu, nikakuomba hicho. Nilifanya kwa ujanja kwa sababu kwa uwazi ungekataa. Nisamehe. Nakupenda, na hiyo sikuipata kwa Maalim.

Lakini sasa nisikilize, kwa sababu sasa sidanganyi hata neno. Sajini anasimama, na hakuna mtu anayejua kwa nini. Nilikuandikia kama kitu kidogo. Si kidogo. Jana Maalim alizungusha kamba uwanjani tukafanya kama onyesho, watu wakaja kutazama, na Sajini akasimama mara saba. Saba! Nilimpiga na visigino, nikamsemesha, wapi. Maalim ameangalia meno, macho na kwato, na hajaona kitu. Amemsomea dua. Hibaq anasema ni sukari, tumpunguzie. Mimi daktari wa mifugo nimempima damu mwenyewe na ni mzima kunishinda.

Nakuandikia pale aliposimama wiki iliyopita, labda wewe utaona kitu. Lango la Mama Kaluki, asubuhi na jioni. Mbele ya shule wakati wa mapumziko, hapo alikataa kabisa kusogea mpaka kengele ilipopigwa. Kwa fundi wa baiskeli. Kisimani, wanawake walipokuwa wakiteka maji, lakini siku kisima kilipokuwa kitupu alipita bila shida. Halafu ile inayoniogopesha: Alhamisi tulipita shamba la Mzee Kaloki. Mtama ulishavunwa, hakukuwa na mtu hata mmoja, ni ile sanamu tu ya kufukuza ndege, na shati lake kuukuu. Sajini akasimama, masikio mbele, akaikodolea macho. Maalim aliposikia hivyo alimsomea dua tena. Anafikiri ni jini.

Baba, nimekwama kweli. Nisaidie, ama nijitoe.

Mumbua


Nunguni, 21 Julai 2025

Mwaitu,

Bado nina hasira. Nakwambia ili ujue. Lakini hasira ni kitu kimoja na farasi ni kitu kingine, na farasi hajanikosea.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Nimeisoma ile orodha yako mpaka Kalunde akaniandikia kwenye daftari nile kwanza. Nikajiuliza, lango la Kaluki kuna nini ambacho kiko shuleni, kwa fundi na kisimani, na hakiko kisimani pakiwa patupu? Watu, haya. Lakini watu wako kila mahali na hasimami kila mahali. Na sanamu si mtu.

Sasa nikueleze kitu ambacho sijamwambia yeyote. Tangu niache kusikia, mimi naona mikono. Mtu akiingia kwa boma hili namwona mkono kabla sijamwona uso, kwa sababu mkono ndio unaniambia kama ni salamu, ama ni swali, ama ananifukuzia nzi. Nyinyi mnaosikia hamuoni mikono kabisa. Mnatembea katikati ya mikono kama vipofu.

Ile sanamu ya Kaloki mikono yake ikoje? Sijafika huko, lakini naweka cheo changu rehani kwamba mmoja umeinuliwa juu.

Mumbua, wewe hupiti mtu bila kumsalimia. Mama yako alikulea hivyo na mimi nilikulea hivyo. Mwaka mzima unaenda na huyo mnyama, Mama Kaluki anainua mkono, "Wakya!", unasimama, "Aa," watoto hawajambo, mbuzi hawajambo, mvua bado, halafu ndio unaenda. Mara ishirini kwa siku. Farasi wa kikosi chetu alijua firimbi. Wako amejua kwamba mkono ukipanda, safari inasimama mpaka habari ziishe. Hana jini. Hana sukari. Ana adabu, na wewe ndiwe uliyemfunza.

Dawa yake hii hapa. Usimpige kamwe kwa kusimama, utakuwa unamwadhibu kwa kukutii. Simamisha mtu mmoja njiani, ainue mkono. Kabla Sajini hajapunguza mwendo, mguse na miguu yote miwili na umsemeshe, na macho yako yawe mbele. Ndio maana nilikwambia macho mbele. Wewe ukimtazama anayesalimia, mwili wako unageuka kidogo na yeye anahisi kwa mgongo. Akipita, msifu sana. Akishaweza kumpita mmoja, weka wawili, kisha kumi. Na ukitaka asimame, kaa chini nzito na utoe pumzi. Hiyo ndiyo iwe amri yake, hakuna nyingine.

Una wiki nne. Inatosha ukianza leo.

Musyimi

Suruali vaa ile nyeusi.


Tseikuru, 4 Agosti 2025

Baba, Baba, Baba!

Mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa ile sanamu umeinuliwa juu na tawi, na kwenye mkono kuna gunia linapepea! Nilienda na Maalim kutazama, tukasimama mbele yake tukacheka mpaka Maalim akakaa chini. Halafu akafuta macho akasema, "Mimi farasi nimezaliwa nao, na mzee wa Nunguni ameona kutoka Nunguni." Amesema nikuandikie hivyo hivyo bila kupunguza.

Lakini kazi imenitesa. Siku ya kwanza Maalim aliinua mkono, nikamgusa Sajini na miguu, akapunguza mwendo, akamtazama Maalim kwa aibu, akapita. Nilimsifu kama amepasi mtihani. Siku ya nne Hibaq alileta darasa zima la tano, mikono hamsini hewani. Alisimama. Tukarudia. Akasimama. Mara ya sita akapita, masikio yakicheza huku na huku, maskini, anaona ametenda dhambi.

Shida sasa ni watu. Siwezi kumwambia Sajini asisimame halafu mimi nisimame kwa lango la Kaluki. Kwa hivyo wiki mbili hizi nimepita watu wote macho mbele. Baba, kijiji kimenuna! Mama Kaluki amesema kwamba nikishinda onyesho nitaanza kuwapita hata mazishini. Fundi wa baiskeli ameuliza kama nimeokoka upya mahali pasipo na salamu. Jioni namfunga Sajini, halafu narudi kwa miguu boma kwa boma kuomba msamaha na kusalimia wote niliowapita. Nalala nimechoka kama punda.

Jana tulifanya onyesho la majaribio tena. Alisimama mara mbili. Mara mbili inaruhusiwa!

Sasa nakuomba bila ujanja wowote. Njoo Tulia. Hamud atakuchukua hapo mlangoni na atakurudisha. Sihitaji mashauri siku hiyo. Nakuhitaji wewe tu, hata ukikaa kimya ndani ya lori.

Binti yako,
Mumbua


Nunguni, 11 Agosti 2025

Mwaitu,

Mara mbili ni nyingi. Wiki hii mpeleke sokoni, mahali watu wanapungia wengine na si yeye. Ajifunze kwamba si kila mkono ni wake.

Kuhusu Tulia, hapana. Umeniuliza kwa uwazi, nami nakujibu kwa uwazi. Naogopa. Nilipigana na wezi wa ng'ombe na sikuogopa hivi. Uwanja umejaa watu, kila mtu anafungua mdomo, na mimi nasimama pale natabasamu kama mtoto asiyejua anachekewa nini. Mtu atasema binti yako ameanguka, nami nitamjibu asante. Unakumbuka ile Jumapili ya wageni. Sitaki kusimama vibaya tena mbele ya watu, na zaidi sitaki usimame wewe ukiwa binti ya mzee anayechekwa.

Asubuhi ya onyesho mpe majani kidogo na maji, nafaka hapana. Mtembeze nusu saa kabla. Ukiingia uwanjani vuta pumzi moja, itoe, halafu umsahau kila mtu.

Hasira imekwisha. Ilikwisha tangu ile barua ya mikono, lakini nilikuwa sijamaliza kununa.

Babako,
Musyimi


Tseikuru, 18 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Sitakulazimisha. Nimelia kidogo, nimemaliza.

Jana sokoni alipita watu wote. Hakusimama hata mara moja. Nitakuandikia yote baada ya Jumamosi, hatua kwa hatua, mpaka utachoka kusoma. Kuhusu kuchekwa, mimi ni binti ya mzee aliyeona mkono wa sanamu kutoka kilomita mia mbili. Acha wacheke.

Mumbua


Tseikuru, 27 Agosti 2025

Kalunde dada yangu,

Karatasi niliyokuachia mezani uliiona? Iliandikwa "Nimeenda na kabichi." Najua ulipiga kelele. Hamud alikuja Ijumaa badala ya Jumatatu, wewe ulikuwa mkutano wa akina mama, na mimi nilikuwa nimevaa vile viatu vya polisi. Sijui nilivivaa saa ngapi. Nilimwona akifunga turubai, nikapanda. Yeye mwenyewe alishtuka.

Njia nzima nilitaka kumwambia ageuze lori. Pale mjini Wote nilifungua mlango kabisa. Halafu nikawaza nikirudi nitakaa kwa kile kiti, nikafunga mlango.

Tulia tulifika Jumamosi asubuhi. Sikwenda kwa Mumbua. Nilijificha nyuma ya banda la asali, maana niliona nikimsumbua kabla ya kuingia nitamharibia. Karibu yangu alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nyeupe aliyekuwa akitazama miguu ya farasi tu, hatazami watu. Nikajua ni Maalim. Nilimwonyesha viatu vyangu, akavitazama, akanitazama, akanikumbatia hapo hapo mbele ya watu wa asali. Hakusema kitu, ama alisema, sijui. Sikuona haja ya daftari.

Walikuwa farasi sita. Mmoja wao alipiga mbio akaruka kamba akaenda zake. Mumbua aliingia wa nne. Kalunde, ungemwona! Suruali nyeusi, mgongo wima, mikono kama nilivyomwambia, kikombe hakimwagiki. Walitembea raundi mbili. Wakakimbia polepole. Watu wa Tseikuru walikuwa wamekuja na lori zima, na wajinga wale, wakimpungia kwa mikono yote! Mama Kaluki alikuwa na kitambaa. Sajini akapita.

Raundi ya mwisho nilishindwa kujizuia. Nilitoka nyuma ya banda nikaenda mpaka kwenye kamba, nikainua mkono wangu juu kabisa. Nilitaka kujua. Alikuwa mbali na mimi kama kitanda kilivyo mbali na mlango. Sajini akaniona, nina hakika, sikio moja lilinigeukia. Mumbua akamgusa na miguu, macho mbele, na wakanipita. Farasi na mtoto wangu wakanipita kama jiwe la kando ya njia. Nimeishi miaka sitini na nane na sijawahi kufurahi hivyo kupitwa bila salamu. Nililia hapo kwenye kamba, na kama watu walicheka, sikusikia.

Wamekuwa wa tatu. Gogo aligusa na mguu wa nyuma. Nilimwambia habari ya ule mguu? Sikumwambia, nilikuwa nimenuna. Kwa hivyo hapo kosa ni letu sote wawili.

Aliniona akishamaliza, akimnywesha maji. Aliangusha ndoo. Hayo mengine sitayaandika, ni yetu.

Basi nilimwambia Hamud nitafika Tseikuru siku moja tu, nione tandiko. Jumapili nikaona tandiko. Jumatatu Maalim akanionyesha farasi wake wawili wachanga, wakali, hawajaguswa na mtu, na anataka waende Tulia mwakani. Anaongea nao kwa mdomo sana. Nimemwonyesha kwa mikono na ameanza kuelewa. Leo asubuhi mmoja alikubali nimshike shingo.

Nimeandika hii kwenye meza ya Mumbua. Yeye amekaa upande ule mwingine, anaandika ripoti ya chanjo. Sasa hivi amesukuma daftari kwangu, ameuliza kama nitarudi na Hamud Jumatatu. Nimeandika hapana. Ameisoma, kisha ameinuka kwenda kunitandikia kitanda.

Nitumie blanketi langu, soksi zote, na ile picha ya kikosi. Kiti cha nyuma ya nyumba mpe mtu anayekihitaji.

Ndugu yako,
Musyimi